Paa Lililovunja Miguu ya Warina Asali

Huku kwetu Igalula mrina asali hasemi mizinga yake iko mti gani. Hata mkewe huenda asijue. Sasa, enzi za Mwingereza, msitu mmoja ulipigwa alama, tukaambiwa ni wa serikali, marufuku kuingia. Mizinga ya kaka yangu ilikuwa humo humo ndani, na ndiyo iliyotulisha. Nta tulipeleka mjini, na mjini nako kuna mambo yake, ila hayo tuyaache.

Basi kamba ya kupandia ikakatika, kaka akaanguka mtini, mguu ukavunjika. Nikampeleka hospitali Tabora kwa treni. Pale palikuwa na daktari Mzungu ambaye hakutosheka na kutibu, alizunguka vitandani akiuliza kila mtu ameangukaje. Kwani ukishavunjika, kujua ulivyoanguka kunaunga mfupa? Tukasema huyu katumwa na bwana misitu. Kila mrina asali aliyeulizwa akajibu ameanguka kutoka paani. Kaka naye akasema paani.

Daktari akaamini. Kaka alipokwisha kurudi nyumbani na magongo yake, tukamwona daktari anakuja na dresa, yule mfunga vidonda wa hospitali, mtu wa mjini, wa kumtafsiria, wamebeba ngazi. Wanakagua mapaa yanayovunja watu miguu.

Nyumba yetu ilikuwa tembe, paa la udongo, fupi. Mbuzi walikuwa juu wanatafuna.

"Ndilo hili?" daktari akauliza.

"Ndilo, Bwana," kaka akajibu.

Daktari akaegemeza kiwiko juu ya paa. Dresa akashindwa kujizuia. "Ndugu yangu, hawa mbuzi wako nao huvunjika?"

"Mbuzi ana miguu minne."

Daktari akasema maneno marefu, dresa akayafupisha: "Anasema hataki kujua mti uko wapi. Anataka kujua kamba ilikatikia wapi, wengine wasianguke."

Nani kamwambia habari ya kamba? Nikamkanyaga kaka mguu, ule mzima. Akanitazama, maana sasa mimi ndiye niliyekuwa nikipanda badala yake, kwa kamba za magome zile zile. Akasema polepole, "Hukatika pale inaposuguana na panda ya mti. Huanza kuliwa kwa ndani, kwa nje huoni kitu."

Daktari akashukuru, wakaondoka na ngazi yao.

Kaka akaniambia nisuke kamba mpya, niizidishe unene pale kwenye panda.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu uhamishe mizinga yote kabla hawajafika mjini."