Sura Iliyosikika kwa Jirani

Juzi nilikuwa dukani kwa Muhindi hapa Weti, nikingoja kupimiwa mafuta ya taa, wakaingia wanawake wawili ambao nyumba zao zimegusana ukuta. Mmoja ni Mkristo mwenzangu, mwingine Muislamu.

"Shoga," akasema yule Muislamu, "jana mlipokwisha kula ulikuwa ukisoma nini?"

"Biblia. Naisoma kila siku. Nimekusumbua?"

"Hata! Ile ya mume ampende mkewe kama mwili wake, bwana wangu kaisikia yote. Leo kaamka kapasua kuni, hakuambiwa na mtu. Nikamuuliza, unaumwa?"

Muhindi akasahau kipimo, mafuta yakamwagika.

Yule Mkristo akashika kiuno. "Wangu mimi alikuwa anakoroma. Ati hayo anayajua."

"Basi leo rejea papo hapo, tena kwa sauti. Lakini kama na sisi wanawake tumeandikiwa neno, hilo lisome kimyakimya."

"Limo, shoga. Na ndilo pekee mume wangu alilolihifadhi."

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Mimi nilicheka kwa uangalifu, kwa sababu huyo anayekoroma namfahamu: Jumapili hukaa benchi la mbele kanisani.

Nilipofika nyumbani niliishusha Biblia yetu kabatini, nikaifungua kitambaa, nikaanza sura hiyohiyo. Mke wangu akavuta kigoda, akakaa karibu.

"Polepole, bwana," akasema. "Hapo rudia."