Gome la Muuku na Salamu za Pasta

Nilipokuwa bado mtoto wa kubebeshwa mifuko ya watu wazima, mama yangu aliugua manjano, macho yakawa rangi ya kiini cha yai. Susu, mama yake mzazi, akanichukua tukapanda vilima vya Mbooni kutafuta gome la mti wa muuku. Alibandua kiasi, akanipa nibebe, kisha akanionya.

"Sasa tukishuka, usisalimie mtu. Hata akikusalimia, nyamaza. Ukiongea dawa inalala, na mama yako hatapona."

Kwenye kona tukakutana na pasta wetu.

"Bwana asifiwe, mama!"

Susu akapita. Mimi nilibana midomo mpaka ikauma.

"Kwani leo hata Mungu hatumsifu?" pasta akauliza, macho yake yakiwa kwenye mfuko.

Jumapili Susu alisimamishwa mbele ya kanisa, akaambiwa amerudia uganga, akanyimwa Meza ya Bwana. Hakujitetea. Tangu hapo aliketi benchi la nyuma, karibu na mlango, mpaka tulipomzika. Mama alipona. Kama ni kwa gome au kwa kupumzika, sijui, na nimechoka kuulizwa.

Naulizwa kwa sababu ndiyo kazi yangu siku hizi, kupima dawa za miti ya Kitui na Makueni. Namimina maji ya gome kwenye kemikali ya zambarau. Yakiwa na antioksidanti nyingi, zile zinazosaidia mwili usichakae, zambarau inapauka. Kutwa ni kupausha na kuosha vichupa.

Juzi nilipima swali langu mwenyewe. Nilibandua gome la muuku mmoja, mifuko miwili. Wa kwanza nilishuka nao kimya kama bubu. Wa pili niliitikia kila aliyenisalimia, hadi vijana wa boda boda. Maabarani, magome yote mawili yalipausha zambarau sawasawa.

Nikampigia mama simu nikidhani atacheka. Badala yake akasema, "Kwa hivyo angeitikia tu. Angekaa na sisi huko mbele."

Bado najuta kupima. Siku ile njiani Susu hakuwa na maabara. Alikuwa na binti kitandani na pasta mbele yake, akapita.