Sweta la Mkurugenzi

Shangazi yangu alifuma masweta ya sufu katika mji ambao hata kuku walitembea wameachama midomo kwa joto. Hakuwa na kichaa. Alizaliwa nyanda za juu, kwenye ukungu, ambako msichana hushika sindano za kufumia kabla hajajua kusoma saa. Alipofiwa na mume akateremka kuja kuishi kwa kaka yake, yaani baba yangu, na mzigo wake ulikuwa sanduku moja la nguo na mfuko wa nyuzi. Majirani walipouona ule mfuko walicheka hadi wakashika mbavu.

"Utamvisha nani huku, shoga? Jiko?"

Alipewa chumba cha mbele, chenye mlango unaofunguka barabarani, akaweka kiti chake pale kizingitini na kuanza kazi. Kabla mwaka haujaisha, mtu mmoja akasimama mbele yake, akalishika sweta lililokuwa mapajani, akalivuta huku na huku, akasema, "Mama, unaweza kunifumia mia mbili?"

Huyo ndiye Mkurugenzi. Alikuwa amefungua shule yake mwenyewe, ya ghorofa, yenye geti la chuma na maua yaliyopandwa kwa mstari. Ofisini alitundika picha za shule za nchi za baridi, watoto wamejipanga kama askari, kila mmoja na sweta lake. Naye alitaka lake: buluu iliyokoza, shingo ya V, mistari miwili ya njano kiunoni na mikononi. Sufu nzito, si ile nyepesi. "Nataka mtu akimwona mtoto wangu kwa mbali ajue huyu ni nani," alisema.

Wakapatana: yeye afume, mimi nisome pale. Ndivyo nilivyoingia shule ya watu wenye magari.

Kufuma sufu kwenye joto ni adhabu, na shangazi aliitumikia miaka sita. Alikaa na miguu ndani ya beseni la maji. Shingoni alijitundika kitambaa kibichi. Pembeni palikuwa na kopo la poda, kila baada ya mistari michache anajipaka viganjani, maana jasho hufanya uzi ugande kwenye sindano na vitanzi vikaze. Sweta likishakuwa kubwa linamlalia mapajani kama paka mnene. Jioni mapaja yake yalikuwa mekundu, yamejaa harara. Hakulalamika. Alikuwa akisema, "Asubuhi kuna kaubaridi. Mtoto anatoka nyumbani mapema, kifua kinataka kufunikwa."

Hivyo ndivyo alivyoamini. Masweta aliyapeleka Jumamosi, shule ikiwa tupu, akamkabidhi mtunza stoo, akarudi. Hakuwahi kutuona saa sita mchana.

Sheria ilikuwa hivi: sweta ni kuanzia getini hadi getini. Ukilivua, kiranja anaandika jina lako, na kesho yake unasimama mbele ya shule nzima ukilinyoosha juu kwa mikono miwili mpaka mabega yaungue. Darasani tulinuka kama kondoo walionyeshewa. Mistari ya jasho ilipita mgongoni hadi kwenye kaptura na sketi. Mimi nilikuwa darasa la sita na sikuwahi kumwambia shangazi hata siku moja. Ningeanzaje? Niende nimwambie mtu aliyekaa na miguu kwenye beseni kwa ajili yangu kwamba kazi yake inatutesa?

Siku iliyovunja mambo ilikuwa Jumanne. Mtunza stoo alikuwa na safari, akamwomba shangazi alete mzigo siku hiyo. Akafika na furushi kichwani tukiwa uwanjani. Mkurugenzi alikuwa na wageni, na alitaka wasikie hotuba yake kuhusu nidhamu. Yeye na wageni walikaa chini ya turubai. Sisi tulisimama juani, watoto mia tatu, tumefungwa sufu hadi vifundo vya mikono. Mkurugenzi alivaa shati jeupe jepesi la mikono mifupi.

Nilimwona shangazi akisimama getini na furushi lake. Hakusogea. Alituangalia tu, mstari baada ya mstari.

Mstari wa mwisho walisimama wadogo wa darasa la kwanza. Binti mmoja aliyumba, akashika hewa, akaanguka kifudifudi. Mwalimu wa zamu alikuwa bado anaangalia kama Mkurugenzi ameona, shangazi ameshatupa furushi chini na kufika. Alimgeuza yule mtoto, akamketisha, akasema, "Inua mikono, mama," akamvua lile sweta kwa mkupuo mmoja. Shingo yote ya mtoto ilikuwa harara, nyingine imetumbuka.

"Mama, mvishe tena!" Mwalimu wa zamu alinong'ona kwa haraka. "Kuna wageni."

Yule binti naye, macho yamelegea, akalivuta sweta kutoka mikononi mwa shangazi. "Nirudishie. Nitaandikwa jina."

Shangazi alinitafuta kwa macho hadi akanipata. Alinijia, akanishika mkono, akanipeleka kwenye kivuli cha jengo la ofisi tukangoja wageni waondoke.

Ofisi ya Mkurugenzi ilikuwa na kiyoyozi. Tulipoingia, nywele zilinisimama kwa baridi. Mwenyewe alikuwa ameshavaa koti.

"Karibu, fundi wetu," alisema. "Nasikia umemsaidia yule mtoto. Hawa watoto siku hizi hawanywi chai asubuhi."

"Mtoto amechemka," shangazi akasema. "Amechemka ndani ya sweta langu."

"Amezidiwa kidogo tu. Amepewa maji."

"Kwa nini hawavui?"

"Mama, sare ni sare. Leo avue huyu sweta, kesho yule avue viatu, keshokutwa tuna soko hapa, si shule."

"Wewe mbona humu ndani umevaa koti, na kule nje ulikuwa na shati jepesi?"

Akacheka, kama mtu aliyeguswa pabaya na hataki ionekane. "Wewe ni fundi. Kazi ya fundi ni kufuma. Mambo ya malezi niachie mimi."

"Malezi?" Sauti ya shangazi ilipanda. "Mtoto ananyang'anyana nami kitu kinachomuua kwa kuogopa jina lake kuandikwa, unaita malezi? Masweta mapya tafuta fundi mwingine wa kuyafuma. Mimi sifumi tena."

Mkurugenzi aliniangalia mimi, si yeye. "Fikiri vizuri, mama. Kuna wengi wangependa nafasi ya huyu kijana."

Nyumbani moto ukawaka upya. Mama yangu aliposikia aliacha kufua, povu mikononi.

"Wifi, umelogwa? Mwanao anasoma pale kwa mkono wako, unaukata mwenyewe?"

"Wewe ulijua?"

"Kujua nini?"

"Kwamba wanavaa mpaka mchana."

Mama akajifuta povu kwenye kanga. Shangazi akanigeukia. "Na wewe? Miaka yote hii unaingia humu ndani umelowa, unasema umecheza mpira. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaumia," nikasema.

"Sasa nimepona?" Aliingia chumbani, akabamiza mlango hadi chokaa ikamwagika.

Siku mbili hakufuma. Siku ya tatu akatoa uzi wa buluu, ule ule, akaanza sweta kubwa kuliko yote aliyowahi kufuma. Mama alifurahi, akadhani hasira zimekwisha. Mimi nilimwona anavyovuta uzi. Alikuwa anafuma kama anafunga mtu kamba.

Mkutano wa wazazi ulifanyika mwisho wa mwezi, saa saba mchana, katika ukumbi wa bati. Baba alikuwa safarini, kwa hiyo shangazi akaenda kama mlezi wangu. Aliketi mbele kabisa na mfuko mapajani. Mkurugenzi alipomaliza kusalimia, shangazi akasimama.

"Kabla hatujaendelea, mimi ndiye ninayefuma masweta ya shule hii. Nimemletea Mkurugenzi zawadi."

Akalitoa. Shingo ya V, mistari miwili ya njano. Wazazi wakapiga makofi. Mkurugenzi alitabasamu, akaelewa, tabasamu likabaki limening'inia tu usoni. Angefanyaje mbele ya watu mia? Akalivaa. Likamkaa sawasawa, maana shangazi hupima mtu kwa macho.

"Limekupendeza," shangazi akasema. "Naomba usilivue mpaka mkutano uishe. Sare ni sare."

Hapo ndipo ukumbi ulipoanza kunong'ona.

Nimsifu kwa hili: alijikaza. Alisoma taarifa ya mitihani. Alisoma taarifa ya vyoo. Jasho lilimshuka nyusini likadondoka kwenye karatasi. Akapoteza mstari, akarudia uleule, akapoteza tena. Sauti ikawa inakatika. Babu mmoja nyuma, aliyekuja kwa ajili ya wajukuu zake, akapaza sauti, "Asivue! Andikeni jina!" Ukumbi ukaangua kicheko.

Shangazi hakucheka. Mkurugenzi alipoketi ghafla na kuanza kutafuta glasi ya maji kwa mkono usioona, ni yeye aliyeinuka. Alimwendea pale mezani. "Inua mikono," akamwambia, na mtu mzima yule akainua. Akamvua, akampepea kwa taarifa ya vyoo.

Kisha akatugeukia.

"Nani amecheka? Nani? Mimi sikuleta mchezo hapa. Huyu ni mtu mzima, amekaa kivulini, dakika ishirini tu, mmeona. Watoto wenu wanasimama juani, kila siku, tangu wana miaka sita. Mnawafulia haya masweta jioni, mnayakamua jasho, mnayaanika. Mlidhani ni maji ya nini?"

Feni moja ya dari ilizunguka ikilia.

Wazazi walipiga kura palepale: sweta litavaliwa siku ya baridi tu, na mtoto mwenyewe ndiye atakayeamua kama anasikia baridi. Katika mji wetu, hiyo ni sawa na kulifuta. Mkurugenzi alitia sahihi bila kuinua kichwa. Mwaka uliofuata jina langu halikuwa kwenye orodha ya darasa la saba, wala hakuna aliyetupa sababu. Nikahamia shule ya serikali nyuma ya soko, madawati machache, shati moja jepesi. Mama aliacha kuongea na wifi yake kwa muda. Siku moja akaniona narudi nyumbani mkavu, akamkorogea shangazi kikombe cha chai, mambo yakaishia hapo.

Shangazi hakuacha kufuma. Madereva wa malori wanaopanda nyanda za juu walisikia habari zake, wakaanza kuagiza. Hao alifurahia kuwafumia, kwa sababu walikwenda mahali penye baridi kweli, na walikuwa wakimwambia walivyotetemeka mlimani na sweta lilivyowaokoa.

Ila alichukia kupongezwa. Mtu akipita mlangoni akasema, "Fundi, uliwaweza wale," alimkata kauli: "Niliwaweza nini? Miaka sita nimewafumia mimi."

Mama wa yule binti aliyeanguka alikuja kumshukuru, amejipamba, amebeba kitambaa kizuri kama zawadi. Shangazi alimwacha amalize maneno yake yote.

"Asante," akasema. "Na asubuhi, nani alikuwa akimvisha?"

Mwanamke akainamisha uso kwenye kile kitambaa. Shangazi naye akatahayari, nilimwona. Alisogea kwenye kile kiti, akampisha nafasi kizingitini. Wakakaa wawili hivyo, wamebanana, wanaangalia barabara, hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.