Kicheko Kilichomtangulia Bibi

Bibi ninayemtunza hapa Sydney ametoka katika ukoo wa waigizaji. Babu, mama, wajomba, wote waliigiza kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Alipoalikwa kupanda jukwaani tena, nilimsukuma mwenyewe kwenye kiti chake cha magurudumu.

Juu ya kichwa chake waandaaji wakaweka skrini ya kutafsiri Kiyidi chake kwa Kiingereza. Basi kila akianza utani, wajukuu zake ukumbini, wasiojua Kiyidi, wameshausoma na wameshacheka! Jamani, hata damu yake mwenyewe haiwezi kumngoja? Nilitamani kuchomoa waya.

Bibi akaukatiza utani, akaitazama skrini, kisha akanigeukia na kusema kwa Kiingereza: “Mwanangu, turudi nyumbani. Huyo wa juu atamalizia.”

Hilo ndilo pekee walilolicheka kwa wakati wake.