Saa Moja ya Copenhagen

Miaka ile nikiwa mlinzi Jeddah, siku moja nilipanga foleni mtaa wa Sharafiya, kwenye duka la kusafisha picha. Mbele yangu alikuwa dada Mkenya, mfanyakazi wa ndani. Alipewa picha yake akiwa bandarini, nyuma yake nyumba za rangi, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili.

“Hapo ni wapi?” nikamuuliza.

“Copenhagen, kaka. Madam alienda likizo, nikabebwa nilee watoto.”

Akanisimulia kwamba siku ya mwisho watoto walilala mchana, madam akamwambia, “Yalla, nenda utembee saa moja.” Kwa miaka mitatu hakuwa ametembea peke yake. Akashuka hadi bandarini, na hakuna aliyemuuliza ikama, kile kibali cha ukaazi. Bibi mmoja Mzungu akampiga picha hiyo kwa simu ya dada mwenyewe.

“Ukafanya nini saa nzima?”

Akacheka, kiganja mdomoni. “Saa gani? Baada ya dakika ishirini nilikuwa mlangoni. Niliogopa madam atadhani nimetoroka.”

“Naye akasemaje?”

“Aliniuliza, ‘Mbona mapema?’”

Kisha akaigusa picha kwa kidole. “Ona, hata kiti kilikuwepo. Sikukaa.”

Nilirudi Kenya zamani. Bado, haraka isiyo na sababu ikinishika, hukaa kidogo zaidi kwa niaba yake.