Salbiah na Mteja wa Namba 408

Salbiah binti Marzuki alikuwa ameshatumikia kiwanda cha vipuri vya kompyuta kule Woodlands, kaskazini mwa Singapore, miaka kumi na tisa kilipofungwa. Akiwa na miaka arobaini na sita akarudi darasani pamoja na vijana wa rika la mwanawe, akajifunza kuhudumia kompyuta ya kwanta, na maabara moja ya magharibi mwa kisiwa ikamchukua kwa mkataba. Kila asubuhi, kabla wateja hawajaingia kupitia mtandao, alizipima kyubiti thelathini na mbili, zile chembe zinazofanya hesabu ndani ya jokofu la baridi isiyosemeka, na kuzirekebisha moja moja mpaka zijibu sawasawa.

Mwezi Februari kyubiti namba kumi na moja ilianza kumsumbua. Asubuhi aliiacha nzima, saa tano ikawa imeshavuruga hesabu, na alasiri ikapona yenyewe. Walioikodi na kuumia ni kampuni moja ya dawa, mteja wao mkubwa, nao walikwisha kulalamika mara mbili.

"Kak Salbiah, labda mkono umechoka," alisema Prabha, mhandisi wa zamu, aliyemwita Kak, yaani dada, kama wote pale, akikoroga kahawa yake.

Alikuwa anatania, lakini mkataba wa Salbiah ungeisha Aprili, na utani ule alikwenda nao hadi nyumbani. Yusri, mumewe, akamwona anachezea wali kwenye sahani.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Kuna kitu kinanidanganya kazini, au najidanganya mwenyewe."

Hakuruhusiwa kufungua kazi za wateja; hizo ni siri zao. Aliyoiona ni ratiba tu: nani kakodi kyubiti zipi, na saa ngapi. Siku tatu mfululizo aliketi nayo wakati wa chakula cha mchana, nasi lemak, wali wake wa nazi, ikipoa kwenye karatasi yake. Kila saa ambayo kumi na moja ilichafuka, mteja wa namba 408 alikuwa amekodi kumi na mbili, ubavuni pake kabisa. Saa ambazo hakuwepo, shwari. Kyubiti zilizokaribiana husikiana. Anayeisukasuka ya kwake makusudi humvuruga jirani, na akiwa fundi zaidi huweza kukisia jirani anafanya nini.

Prabha alitikisa kichwa. "Hiyo sadfa, Kak. Ukimpelekea Dokta Teng ratiba ya siku tatu, atakuuliza takwimu umesomea wapi."

Jumatano Salbiah akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alijaza fomu kwamba kyubiti kumi na mbili ni mbovu, inatengenezwa, ili 408 asiweze kuikodi. Haikuwa mbovu. Akatia sahihi.

Kumi na moja ikatulia asubuhi nzima. Alipaswa kufurahi, lakini macho hayakutoka kwenye ratiba. Mteja 408 alikuwa anakodi kyubiti moja hapa, nyingine pale, dakika mbili mbili, kama mtu anayepita koridoni akijaribu vitasa vya milango. Saa tisa alasiri akatulia kwenye namba saba. Kwenye mpangilio wa safu nne nne, saba inapakana na kumi na moja kwa upande mwingine.

"Prabha, njoo uone."

Prabha alisoma akiwa amesimama. Safari hii hakutania. "Anamtafuta mteja wa kumi na moja," alisema.

Walikwenda wote wawili kwa Dokta Teng, mkuu wa maabara. Salbiah akaanza na lililomchoma.

"Dokta, kabla hujatazama ratiba, kumi na mbili si mbovu. Nimedanganya kwenye fomu."

Dokta Teng akavuta ratiba karibu. "Keti, Kak," alisema, akaanza kusoma. Kisha akampigia mwanasheria simu kuomba ruhusa ya kufungua kazi za 408. Ndani hamkuwa na hesabu yoyote, ila pigo lile lile la kuisukasuka kyubiti, maelfu ya mara, halafu kumsikiliza jirani.

Akaunti ikafungwa jioni ile. Jina lililoifungua lilikuwa la duka la samani la Johor, ng'ambo ya mpaka, ambalo lenyewe halikujua lolote. Aliyejificha nyuma yake hakupatikana.

Sasa kati ya mteja na mteja huachwa kyubiti tupu, na umbo la kazi, si siri zilizomo, hukaguliwa kabla haijaingia. Mashine inachukua wateja wachache zaidi. Salbiah ndiye aliyepewa kuchagua zipi zikae tupu. Siku alipoongezewa mkataba wa mwaka mmoja, alipewa pia barua ya onyo kwa ajili ya fomu, akavitia sahihi vyote viwili kwenye meza moja.

"Dokta," aliuliza akiinuka, "zile wiki kabla sijagundua, alisikia nini?"

"Hatujui," alisema Dokta Teng. "Kampuni ya dawa wananiuliza hivyo hivyo kila Jumatatu."

Salbiah akafunga mlango nyuma yake. Akarudi kazini.