Karatasi ya Macho ya Baba

Karatasi ya macho ya baba niliisoma mimi, na sina wa kumsingizia. Nilikuwa msichana wa shule ya kati, nimejaa kiburi cha kujua Kiingereza kidogo, na daktari wa macho alikuwa amefika Masasi kupima watu. Baba alikuwa mwalimu wa kanisa kijijini kwetu, karibu na Kitangari. Kazi yake kubwa ilikuwa kusoma somo la Jumapili, na tangu mwaka uliotangulia alikuwa akikishika kitabu mikono ikiwa imenyooka kabisa, na bado herufi zinamkimbia. Asipoweza kusoma, kazi angepewa mwingine. Hilo tulilijua nyumba nzima.

Daktari alimpima, akaandika, akamwita anayefuata. Tuliambiwa tu kwamba miwani italetwa kutoka pwani, na karatasi tuitunze.

Njiani baba akaniuliza imeandikwa nini. Jicho la kulia mbili, nikasema, la kushoto tatu, na mbele ya kila tarakimu pana alama ya kujumlisha. Akauliza mbili za nini. Ningesema sijui, mambo yangekuwa mengine. Lakini mimi na neno "sijui" hatukuwa tukisalimiana enzi hizo. Nikamwambia daktari amejumlisha nuru iliyobaki.

Mtu wa uwandani, huku juu kusiko na maji, hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Kwetu maji hufuatwa bondeni, na debe likifika nyumbani linagawanywa kwa kata: ya kupikia, ya kunywa, na uso unanawa kwa kiganja kimoja. Kinachobaki kinabanwa. Baba akayabana macho yake vivyo hivyo. Miwani ilipokuja aliijaribu mara moja, akaziona herufi zimesimama kila moja mahali pake, akaogopa. Kioo kinachovuta nuru kiasi hiki, alisema, kitaikausha upesi. Akaifungia sandukuni, ikawa inatoka Jumapili tu, kwa somo tu. Zamani jioni alikuwa akitusomea. Sasa alikaa barazani amefumba macho. Mama alitukataza kumpelekea hata barua. Akiba haiozi, alisema, nasi tukaitikia.

Daktari aliporudi baada ya miaka minne, karatasi mpya ilisema kulia tatu, kushoto nne. Niliisoma kwa sauti, barabarani, watu wakipita. Nuru imeongezeka! Baba alinishika mkono akautikisa kama tumeshinda kesi. Miwani mingine hakuagiza; ya nini, na macho yanajijaza yenyewe? Mama alichinja jogoo. Nikiikumbuka supu ile mpaka leo naona aibu.

Mwaka uliofuata alikwama katikati ya somo, miwani ile ile ya kwanza puani, kanisa zima likimsubiri. Padri alimpumzisha kwa heshima, na heshima ile ilimuumiza kuliko tusi. Kisha ukaja ugonjwa mwingine, usiohusiana na miwani, ukayazima macho yote mawili. Daktari aliyaangalia kwa taa yake, akatikisa kichwa. Safari hiyo hakuandika chochote.

Mimi nilikuwa najifunza uuguzi wakati huo. Siku moja mwalimu wetu alilieleza jambo lile kwa dakika mbili tu, akaendelea na mengine. Tarakimu ile ni nguvu ya kioo, si ya jicho. Kadiri jicho linavyochoka, ndivyo inavyopanda. Na miwani haimalizi macho ya mtu, hata akiivaa kutwa. Niliandika kama wenzangu. Jioni zote zile angeweza kusoma. Na kwa miwani mipya kazi yake angebaki nayo mpaka ugonjwa ule ulipokuja.

Likizo nilimkuta barazani. Nikamwambia shikamoo, akaitika, akanipapasa uso. Akasema hajuti sana, maana macho yake yameishia kwenye Neno. Kinachomsikitisha ni zile jioni alizojinyima, lakini angefanyaje, ilikuwa lazima. Nilikaa karibu naye, maneno yote ya yule mwalimu yakiwa mdomoni mwangu.

"Huko kwenu," akaniuliza, "wamekufundisha kuisoma ile karatasi?"

"Bado, baba. Hatujafika."

"Mkifika," akasema, "usisahau kunieleza."